Dakio, si Bonde

Mererid amelizungushia wino wa kijani neno langu,
ukurasa wa nne, mstari wa pili: bonde.
Pembeni, kwa mwandiko wake wa kubana:
"Hili ni dakio, Tusekile."
Basi. Hakuongeza. Kaenda kula.

Nilikuwa nawaza kwa Kiswahili, naandika kwa Kiingereza,
kosa likavuka nami bila pasi ya kusafiria.
Kwetu Tukuyu bonde ni bonde tu:
unaliteremka na mkungu wa ndizi kichwani,
unapandisha ng'ambo ukihema.
Nani aliuliza maji yanakwenda wapi?
Yanakwenda chini. Yalikuwa mengi.

Hapa Llanidloes wanauliza.

Asubuhi nilipanda Pumlumon na mzee Gethin,
mvua ya ubavu, ile isiyoanguka bali inayopita,
kondoo wameupa upepo makalio.
Tukafungua kipimo cha kwanza: milimita kumi na tisa.
Gethin huikung'uta chupa mara tatu
kama anayemalizia togwa.
Kisha akatanua miguu juu ya nyasi,
buti la kulia huku, la kushoto kule:
"Tone likiangukia huku ni la Hafren.
Kule, la Gwy. Nikikojoa hapa katikati
nitawagombanisha."
Miaka thelathini na mmoja, mzaha ni huo huo.

Dakio ndilo hilo: ubavu wa mlima
uliojikunja ili udake.
Ulichodaka ni chako,
kilichokuponyoka ni cha mwenzio.
Kila kijito kina lake, hata mfereji wa kando ya barabara;
paa la banda la Gethin lina lake pia,
na mto wake ni pipa moja la bluu.

Bonde halikuulizi ulidakwa na nani.
Linauliza utaifikia bahari ipi.
Hafren unazunguka mashariki, unapitia miji ya watu,
unajichelewesha. Gwy unashika kusini.
Vyanzo vyao vimeachana kama kilomita tatu,
ukitembea huku unaongea hutahisi.
Halafu hawaonani tena
hadi mdomoni, penye tope na chumvi,
kila mmoja ameshazeeka kivyake.

Lugano, dada yangu, yuko Birmingham,
wodi ya watoto njiti, zamu za usiku.
Hatujasemezana tangu matanga ya baba,
tangu shamba la chai na ile karatasi.
Niliwahi kuutafuta mji wake kwenye ramani ya kazini:
mvua inayomnyeshea inashika njia ya mashariki,
bahari nyingine kabisa.
Si dakio langu. Wala si bonde langu.
Sitasema iliniuma. Ilinipa sababu.

Leo garini, tukishuka, nikamtajia Gethin,
kwa namna ya kupitisha maneno.
Akafuta kioo kwa kiwiko.
"Birmingham? Si wanakunywa maji yetu hao!
Bomba linatoka Elan, na Elan ni mtoto wa Gwy.
Linapita chini ya vilima, siku moja na nusu njiani,
pampu hakuna, ni mteremko tu.
Hii mvua ya ubavu ndiyo chai yao."

Nimerudi mezani na soksi mbichi.
Ripoti yangu haina ukurasa wa bomba.
Nimepekua kiambatisho, nimepekua faharasa:
dakio lipo, bonde lipo,
lakini kitu kinachotoboa vyote viwili
kikaenda kumwagika kwenye sufuria ya mtu
hakina safu kwenye jedwali letu.

Nimefuta bonde. Nimeandika dakio.
Ukurasa wa nne, mstari wa pili, sasa ni sahihi.

Kisha nimeshika simu, nimeandika, nimefuta,
nimeandika:
"Maji ya huko yana ladha gani?"

Alama moja ya kijivu.
Mererid amerudi, ananuka vitunguu,
anauliza kama nimemaliza.
Halafu mbili.